Baridi ya Mbeya isifiche kazi mbovu ya kuunganisha kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini ambalo limenipotezea wiki tatu za kazi na lilikaribia kunitoa fedha ambazo hazikuwa na sababu ya kutoka. Nalo ni joto la prosesa, yaani kipuri kinachofanya hesabu zote za kompyuta, katika kompyuta mpya za mezani zinazounganishwa na mafundi wetu hapa Mbeya, pamoja na kauli ambayo nimeisikia kwao zaidi ya mara moja: kwamba katika mji wenye baridi kama huu kompyuta haiwezi kupata joto, na ikionyesha joto, basi programu ndiyo inayodanganya.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Uyole. Tangu nistaafu naendesha steshenari ndogo pamoja na binti yangu, ambaye kazi yake kubwa ni kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Mwezi Juni tulikusanya akiba yetu tukanunua kompyuta mpya, iliyounganishwa kipuri kwa kipuri na fundi wa duka moja la katikati ya jiji, duka ambalo sitalitaja kwa sababu nia yangu si kumharibia mtu riziki. Prosesa tuliyochagua ni Core i5-12400 ya Intel, ambayo kipimo chake cha msingi ni wati 65 na ambayo inaruhusiwa kupanda hadi wati 117 inapofanya kazi nzito, na tulitumia kipozeo kilekile kilichokuja nayo ndani ya boksi: bamba la alumini lenye mapezi, feni juu yake, na miguu minne ya plastiki ya kukishikilia kwenye madabodi, yaani ubao mkuu unaobeba vipuri vyote.

Siku ya kwanza binti yangu alipoiamuru kompyuta itoe video ya harusi iliyokwisha kuhaririwa, feni ililia kama mashine ya kusaga nafaka, na kazi iliyotarajiwa kuchukua chini ya saa nzima ikachukua karibu saa moja na nusu. Aliweka Core Temp, programu ya bure inayosoma vipimo vya joto vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe, akaniita nione. Chumba kilikuwa na nyuzi 17. Kompyuta ikiwa imetulia bila kazi yoyote, prosesa ilionyesha nyuzi 56. Alipoanzisha kazi, katika muda usiozidi dakika moja ilifika 100 ikagota hapo. Nyuzi 100 ndiyo dari ambayo Intel imeiwekea prosesa hiyo, na ikifika hapo hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hiyo haikuzima, haikutoa harufu, haikuandika onyo lolote kwenye kioo; ilijikokota tu, kama lori lililojaa viazi linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Mteja asiyejua ataamini ameuziwa prosesa dhaifu.

Nilimpigia fundi. Ni kijana mwenye adabu, alianza kwa shikamoo, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo ni kawaida, tena kwa baridi hii ya kwetu hata ukiifungia kabatini haina neno." Niliposisitiza alikuja, akafungua ubavu wa kasha, akagusa mapezi ya kipozeo kwa kidole huku prosesa ikiwa bado inaonyesha nyuzi 100. "Shika mwenyewe, Mwalimu," aliniambia. Nilishika. Yalikuwa baridi, labda vuguvugu kidogo upande mmoja. Akahitimisha kwamba programu ni ya uongo, lakini kwa kuniridhisha akaniuzia feni ya ziada ya shilingi 15,000, akaifunga mbele ya kasha, na akanishauri kwamba kama bado nina wasiwasi ninunue kipozeo kikubwa cha shilingi 95,000. Nami, kwa aibu nakiri, nilitikisa kichwa kukubali.

Usiku ule ndipo nilipoona nilivyojidhalilisha. Nimefundisha mwendo wa joto kwa miaka 30, halafu nimeshika chuma baridi kilichokaa juu ya kitu chenye nyuzi 100 nikaambiwa hiyo ni dalili ya afya! Ukiinjika sufuria ya maji juu ya moto mkali, ukarudi baada ya nusu saa ukakuta maji bado ya baridi, huwezi kusema moto ni wa uongo. Utainama uangalie kama sufuria imekaa juu ya mafiga. Kipozeo baridi juu ya prosesa ya moto kina maana moja: joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo. Kama kipozeo nacho kingekuwa cha moto kiasi cha kumfanya mtu aondoe kidole, tungejua kwamba joto limevuka salama na tatizo liko mbele zaidi, kwenye feni au kwenye hewa. Kidole cha fundi kilikuwa kimeshatoa jibu, akalisoma kinyume. Ninaomba mafundi wanaosoma barua hii waushike mtihani huo mdogo, kwa sababu hauhitaji kifaa chochote na unagawanya matatizo ya joto katika mafungu mawili kabla hata bisibisi haijaguswa.

Asubuhi yake nilizima umeme, nikachomoa waya, nikaitoa madabodi nzima nje ya kasha na kuigeuza nione mgongo wake, jambo ambalo nina hakika halikufanyika siku ya kuiunganisha. Miguu mitatu ya plastiki ilikuwa imepenya na kuchanua upande wa pili kama inavyotakiwa. Wa nne, ule ulio karibu na nafasi za memori, kigingi chake cheusi kilikuwa kimeshuka lakini makucha yake meupe yalikuwa yamejikunja juu ya ubao bila kuingia kwenye tundu. Ukitazama kwa juu, miguu yote minne ilifanana. Nilipokiinua kipozeo, pesti ya kijivu ya kupitishia joto, iliyopakwa kiwandani, ilieleza yaliyobaki: upande mmoja ilikuwa imebanwa mpaka ikawa utando mwembamba unaoonyesha chuma, na upande wa pili, ule wa mguu uliokosea tundu, ilikuwa bado nene na haijaguswa, kama siagi kwenye kipande cha mkate ambacho kisu hakijafika. Kati ya pesti hiyo na prosesa palikuwa na hewa, na hewa iliyotulia ni mpitishaji duni mno wa joto. Shaba huipita kwa zaidi ya mara elfu kumi. Ndiyo sababu pesti hupakwa, kujaza mabonde madogo ambayo macho hayayaoni, na ndiyo sababu mwanya mwembamba kama karatasi unatosha kuharibu kila kitu.

Nilifuta pesti ya zamani kwa kitambaa laini na alkoholi safi ya isopropili, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje moja ya njegere katikati ya prosesa, nikahakikisha vichwa vya miguu vimegeuzwa upande wa kufunga, kisha nikabonyeza miguu miwili kwa pamoja kwa mshazari, na baadaye miwili iliyobaki. Kila mguu ulilia "tak", nami niligeuza ubao tena kuhesabu makucha upande wa nyuma: manne. (Binti yangu alicheka kuona baba yake akihesabu hadi nne mara tatu.) Kompyuta ilipowaka, katika chumba kilekile chenye nyuzi 17, prosesa ilitulia kwenye 31, na baada ya nusu saa ya kazi nzito ilifika 74 na kubaki hapo. Video ileile ilitoka kwa dakika 41. Gharama yake ilikuwa bomba dogo la pesti. Kipozeo cha shilingi 95,000 kilibaki dukani, na kama ningekinunua na kikafungwa kwa mkono uleule, sina hakika kingekuwa na faida.

Kuhusu ile feni ya shilingi 15,000, niliifanyia jaribio la ukanda wa karatasi ya chooni. Ukanda ulioshikwa mbele ya kasha unatakiwa kuvutwa kuelekea ndani. Wangu ulipeperuka kuelekea nje. Feni ilikuwa imefungwa kinyume, ikishindana na ile ya nyuma ambayo nayo inatoa hewa, na kasha zima likabaki linavuta pumzi kupitia nyufa. Feni nyingi zina mshale mdogo kwenye fremu unaoonyesha hewa inakoelekea, na hata pasipo mshale, hewa hutokea upande wenye vile vikono vinavyoshikilia mota katikati. Niliigeuza kwa skrubu nne.

Na kabati? Kabati lilikuwa kosa letu wenyewe, ingawa tulitiwa moyo. Tulikuwa tumeiweka kompyuta kwenye sehemu ya chini ya meza yenye mlango na ubao wa nyuma, ili vumbi la malori ya barabara kuu ya TANZAM lisiifikie. Mlango ukiwa umefungwa, baada ya dakika 40 za kazi prosesa ilipanda kutoka 74 hadi 88, kwa sababu feni zilikuwa zikivuta hewa ileile ya moto zilizoitoa dakika moja iliyopita. Safari hii nilipogusa mapezi ya kipozeo yalikuwa ya moto, kama nilivyoeleza hapo juu. Seremala aliung'oa ubao wa nyuma, na joto likarudi 76. Vumbi tunalipuliza kila mwezi. Niongeze hapohapo kwamba wenye maduka wanaowasha jiko la mkaa ndani ya chumba nyakati za Juni na Julai wanaipa feni majivu ya kuvuta, na wao wenyewe wanavuta hewa ya sumu, jambo ambalo ni zito kuliko kompyuta yoyote.

Binti yangu aliingia pia katika bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi, na kuiwekea prosesa kikomo cha wati 65 cha kudumu, kwa kuwa madabodi ilikuwa imeachwa bila kikomo cha muda wa kutumia wati nyingi. Video ilichukua dakika 44 badala ya 41, na joto likashuka hadi 63. Kwa kazi yetu dakika tatu si kitu. Sipendekezi hili liwe dawa ya kwanza, maana kupunguza wati juu ya kipozeo kilichofungwa ovyo ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu bila kumpima.

Sasa nirudi kwenye kauli ya baridi, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Shemeji yangu anaishi Kyela, ana ofisi ya kuchapa na kutoa nakala. Mwaka jana aliunganishiwa kompyuta hapa Mbeya, kwa fundi tofauti na wangu. Asubuhi kule Kyela ilifanya kazi vizuri, mchana ikawa nzito kiasi cha kushindwa kufungua barua. Aliirudisha Mbeya mara mbili, kwa basi, akiwa ameipakata. Mara zote mbili fundi aliiwasha mbele yake, ikafanya kazi bila tatizo, akaambiwa kompyuta ni nzima na umeme wa kwao ndio mbovu. Nilipopata masomo hayo kutoka kwenye kompyuta yangu, nilimwomba ailete yake kwangu. Nilikifungua kipozeo chake, na juu ya uso wa shaba palikuwa bado na karatasi nyembamba ya nailoni, ile yenye maandishi ya onyo kwamba iondolewe kabla ya kufunga. Pesti ilikuwa imepakwa juu ya nailoni, kwa ustadi kabisa.

Kabla ya kuibandua niliipima, kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini ilipona kila ilipopanda mlima. Chumba kilikuwa na nyuzi 17, na kwa kazi za kawaida za ofisi prosesa ilifika 86. Ukitoa 17 katika 86 unabaki na 69, na hiyo 69 ndiyo namba ya kuitazama. Joto la prosesa hujengwa juu ya joto la hewa inayoipoza, hivyo hewa ikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 10 kwa kazi ileile. Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa miezi ya joto chumba kisicho na feni hufika nyuzi 33 bila taabu. Thelathini na tatu na 69 ni 102. Prosesa yenye dari ya 100 haina njia ila kujifunga breki. Kompyuta ilikuwa mbovu kote kuwili, Mbeya na Kyela, ila hapa Mbeya ubovu wake ulikuwa umefunikwa blanketi.

Wapo watakaosema kwamba sisi wa nyanda za juu tuna tatizo letu la hewa nyepesi, na ni kweli. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani kwa joto lilelile, na feni inayozunguka kwa kasi ileile huondoa joto pungufu kuliko pwani. Viwango vinavyotumiwa katika vyumba vya seva hupunguza joto la juu linaloruhusiwa chumbani kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 900, na kwa hesabu hiyo sisi tunapoteza chini ya nyuzi 3. Baridi yetu inalipa deni hilo na chenji inabaki. Kwa hiyo mwinuko usitajwe kama kisingizio cha nyuzi 100, na baridi nayo isitajwe kama cheti cha uzima.

Ninachoomba kwa wenye maduka, kuanzia hapa hadi Iringa, Njombe na Makambako, ni kwamba kompyuta mpya isikabidhiwe kwa mteja kabla haijafanyishwa kazi nzito kwa nusu saa ikiwa imefungwa ubavu, na matokeo yaandikwe nyuma ya risiti: joto la chumba, joto la prosesa, na tofauti yake. Kuwasha na kuonyesha kioo cha mwanzo hakutoshi, kwa kuwa hata yangu iliwaka vizuri. Namba zenyewe zisomwe kwa akili, kwa sababu prosesa hazifanani. Kwa mfano, nyingi za Ryzen 7000 za AMD zimeundwa ziweze kufika nyuzi 95 kwenye kazi nzito na kukaa hapo, na mteja asimgombeze fundi kwa hilo. Lakini prosesa ya wati 65 inayofika dari yake katika chumba cha nyuzi 17, au inayokaa kwenye 56 ikiwa haina kazi, inatakiwa kufunguliwa siku hiyohiyo, mteja akiwa bado amesimama kaunta. Mteja naye aulize tofauti, na aseme wazi kompyuta inakwenda wapi. Ya Tukuyu na ya Kyela haziwezi kupimwa kwa jicho moja.

Kwa vijana wetu mafundi, sina ugomvi nao. Yule wa kwangu nilimwita nikamwonyesha mguu wa nne, akatazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, sijawahi kugeuza ubao." Alirudisha shilingi 15,000 za feni bila kuombwa, nami nikamwachia kwa kuwa feni ninaitumia.

Kompyuta ya shemeji inarudi Kyela Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ndani ya ubavu wa kasha lake nimebandika karatasi niliyoiandika kwa wino: chumba 18, kazi nzito 71, tofauti 53.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya